Nani Alianza

Ile Jumanne nilimpa Ryan dawa ya homa saa kumi na moja asubuhi, gizani, kwa sababu tokeni za stima zilikuwa zimeisha usiku. Mwili wake ulikuwa moto. Nikajiambia ni magego yanatoka. Alikuwa na miaka miwili na miezi minne, na kila mtu kwenye ploti atakuambia mtoto wa umri huo akipata joto ni meno. Ukiniuliza kama niliamini, sikuamini. Niliangalia saa kwenye simu nikapiga hesabu: tukifika kwa Shosh saa kumi na mbili na nusu, dawa itakuwa imeshika na atakuwa amepoa.

Alipoa kweli. Shosh ndiye hutulelea watoto hapa Pipeline. Ana chumba kimoja chini ya jengo la orofa saba, magodoro mawili, televisheni moja na, wakati huo, watoto kumi na wanne. Alimgusa Ryan shavuni akaniuliza, "Ameamkaje?"

"Poa tu, Shosh."

Nikakimbilia matatu. Mimi ni keshia kwenye supamaketi, wale wa kandarasi ya miezi mitatu mitatu. Wiki mbili kabla ya hapo, mwenzangu alikuwa amekosa kazi siku mbili kwa sababu mtoto alikuwa akiharisha. Aliporudi alikuta mtu mwingine ameketi kwenye mashine yake. Hakuna aliyemfuta. Jina lake tu halikuwa tena kwenye ratiba. Kwa hivyo ile "poa tu" niliisema nikijua ninachofanya.

Saa saba mchana Shosh akapiga simu. "Mama Ryan, kuja uangalie mtoto. Ako na vitu mdomoni, hata maji amekataa."

Kliniki tuliyoenda ni ile ya karibu, ya chumba na pazia. Daktari alimulika mdomo wa Ryan na tochi ya simu, akamgeuza viganja, kisha akamvua soksi. Kwenye nyayo kulikuwa na malengelenge madogo ya kijivu, kama punje za mchele chini ya ngozi. Sikuwa nimeyaona asubuhi kwa sababu nilimvisha soksi gizani. "Huu ni ugonjwa wa mikono, miguu na mdomo," akasema. "Hauna dawa."

Sijui kama madaktari wanajua jinsi maneno hayo mawili yanavyoingia masikioni mwa mtu. Aliendelea kueleza, na maelezo yenyewe hayakuwa mabaya: ni virusi, kwa watoto wengi huisha ndani ya siku saba hadi kumi, mpe dawa ya homa, mpe vitu baridi, hakikisha anakunywa na anakojoa, na asirudi kwa watoto wenzake. Lakini mimi nilikuwa bado nimekwama kwenye "hauna dawa".

Jioni nikampigia baba, yuko Kinangop na ng'ombe wake watano. Nilipotaja jina la ugonjwa kulikuwa na kimya, kisha akauliza, "Miguu na midomo? Huo si wa ng'ombe? Kwani mnakunywa maziwa ya nani huko?"

Usimcheke. Baba ameuona ule wa ng'ombe kwa macho yake. Ng'ombe anadondosha mate kama kamba, anachechemea, maziwa yanakatika, soko la mifugo linafungwa, na pesa ya karo inaanza kutafutwa kwingine. Nilipokuwa darasa la sita nilikaa nyumbani wiki tatu kwa sababu ya ugonjwa huo. Jina likifanana na lile lililokufukuza shule, huwezi kulisikia kwa utulivu.

Usiku ule, Ryan akilia usingizini, nilisoma kwa simu hadi bando likaisha. Kumbe magonjwa hayo mawili ni tofauti. Ng'ombe hampi mtoto huu, na mtoto hampi ng'ombe ule. Hata hivyo, baba hakuwa mbali sana. Virusi vyote viwili ni vya familia moja, ya virusi vidogo mno ambavyo maagizo yao ya uhai yameandikwa kwa RNA. Kile cha ng'ombe kilitambuliwa kule Ujerumani mwaka 1897, na ndicho kirusi cha kwanza cha wanyama kujulikana na sayansi. Ule wa watoto huletwa na kundi la enterovirusi, virusi vinavyopenda kuishi utumboni. Ndugu wa karibu wa kundi hilo sote tunamjua, kwani tumepewa matone yake mdomoni na kutiwa alama ya wino kidoleni: polio.

Nilipomweleza baba kesho yake, alisikiliza, halafu akaniambia jambo ambalo sikulipa uzito wakati ule. "Mwaka ule wetu, ng'ombe walikuwa wamechanjwa. Daktari wa mifugo akasema ugonjwa ni aina nyingine, chanjo haikuwa na hiyo aina."

*

Jumapili, Neema akashikwa. Neema ni wa Mama Neema wa orofa ya tatu, anayeuza chapati steji. Alikuwa na miezi tisa. Ryan ni mtoto mkubwa, unaweza kumdanganya kwa maziwa ya friji na kijiko cha aiskrimu. Mtoto wa miezi tisa mwenye vidonda mdomoni anakataa titi, na ukimaliza kukataliwa titi huna ujanja mwingine. Kufikia Jumatatu macho yake yalikuwa yamezama na nepi ilikuwa kavu tangu usiku. Akalazwa, akawekewa maji ya mshipa.

Shosh akafunga chumba wiki nzima. Akina mama kumi na wanne bila pa kuacha watoto! Grupu ya WhatsApp ikawaka. Mmoja akaandika: "Nani alileta hii kitu?" Mwingine: "Kuna watu wanaficha watoto wagonjwa, Mungu anawaona." Mimi niliandika "pole sana Mama Neema" na mikono miwili ya maombi. Basi. Nilikaa na simu mapajani kama mtu aliyeshika kaa la moto.

Niliingia kuosha. Tangu enzi za korona nilikuwa na chupa ya sanitaiza, nikaipaka kila mahali. Baadaye nikasoma kwamba sanitaiza haifui dafu sana hapa. Kirusi cha korona kina koti la mafuta na spiriti hulivunja. Enterovirusi hazina koti hilo. Zinazosaidia ni sabuni na maji yanayotiririka kwa mikono, na jiki iliyochanganywa na maji kwa vyombo vya kuchezea na sakafu. Tena mtoto akishapona, kirusi huendelea kutoka kwenye choo chake kwa wiki kadhaa. Mimi ninayenunua maji ya mtungi kwa shilingi ishirini, hebu fikiria hesabu ya maji yanayotiririka.

Lakini kilichoninyima usingizi hakikuwa jiki. Ni lile swali la kwenye grupu. Je, ni mimi? Neema alianza siku tano baada ya Ryan, na kirusi hiki huchukua siku tatu hadi sita kujitokeza. Hesabu inanishtaki. Lakini kwa Shosh kuna watoto kumi na wanne, na wengine hukipata bila kuonyesha dalili. Ryan naye alikitoa kwa mtu.

Nina rafiki tuliyeketi dawati moja sekondari, siku hizi anafanya kazi maabara. Nikamuuliza kama kuna kipimo kinachoweza kujua nani alimwambukiza nani. Alinijibu kwa sauti, rekodi tatu za dakika nne nne. Huyu mtu hajawahi kujibu jambo kwa ufupi.

"Unakumbuka homework ya Fizikia tuliyokopi darasa zima?" akaanza. Nilikumbuka. Mwalimu aliingia na madaftari, akatupanga mstari: wewe ulikopi kwa huyu, huyu alikopi kwa yule. Aliwezaje? Kwa makosa. Aliyekopi kwanza alisahau alama ya kutoa kwenye swali la nne, na kila aliyekopi kwake akalibeba kosa hilo, akaongeza na lake.

Kirusi nacho hujikopi vibaya. Maagizo ya enterovirusi yana herufi kama 7,400, na kila kinapozaana kuna herufi zinazokosewa. Ukichukua ute wa koo, majimaji ya lengelenge au choo, unaweza kusoma herufi hizo. Mara nyingi husomwa kipande kimoja tu, cha jeni liitwalo VP1, linalotengeneza sehemu ya ganda la nje. Kipande hicho kinatosha kukuambia ni kirusi gani kati ya vingi vinavyoleta vidonda hivi. Ukilinganisha makosa ya kirusi cha mtoto huyu na ya watoto wengine, unachora ukoo: tawi hili limetoka kule, lilifika hapa karibu mwaka fulani, hili limekufa, hili linaenea. Kazi hiyo ndiyo huitwa epidemiolojia ya molekuli.

"Lakini," akasema kwenye rekodi ya tatu, "kwa yenu ya Pipeline haingekusaidia. Ndani ya wiki moja, chumba kimoja, nakala zote zingekuwa karibu sawa. Ungejua ni ukoo mmoja. Haungejua nani alianza. Halafu nani angepima? Majibu hayabadilishi matibabu. Daktari wako hakukosea, ni maji na dawa ya homa tu."

Nilisikiza rekodi hiyo mara mbili. Nilikuwa natafuta kipimo cha kuniachilia, au hata cha kunifunga.

*

Hata hivyo niliendelea kusoma, kwa sababu kuna mahali ambapo swali hilo liliulizwa kwa watoto wengi sana na likaleta kitu.

Kati ya virusi vinavyoleta ugonjwa huu, kimoja ndicho cha kuogopwa zaidi: enterovirusi A71. Kilipatikana mara ya kwanza California mwaka 1969, kwa mtoto mchanga aliyekuwa na uvimbe wa ubongo. Kwa wengi huleta vidonda na homa kama vya Ryan. Kwa wachache huingia kwenye shina la ubongo, mapafu yakajaa maji, na mtoto aliyekuwa akicheza jana akafariki leo. Mwaka 1997 kiliua watoto Sarawak, Malaysia. Mwaka uliofuata kiliua watoto 78 Taiwan. Mwaka 2012 watoto wa Kambodia walikuwa wakifa kwa ugonjwa ambao vyombo vya habari duniani viliuita wa ajabu. Sampuli zilipopimwa, kikapatikana hicho hicho kwa wengi wao.

China nayo, kuanzia Mei 2008, iliamuru kila mgonjwa wa aina hii aripotiwe. Kufikia mwisho wa 2012 walikuwa wameandika visa zaidi ya milioni 7 na vifo zaidi ya 2,400. Kati ya waliofariki na kupimwa, zaidi ya tisa kwa kumi walikuwa na A71. Koo za kirusi hiki zimepewa herufi, na kule China bara kulikuwa na tawi moja lililotawala, C4. Sasa walikuwa na adui mwenye jina na anwani. Makampuni na taasisi tatu zikachukua C4, zikaikuza maabara, zikaiua, zikatengeneza chanjo ya sindano mbili zinazoachana mwezi mmoja. Matokeo ya majaribio yao matatu makubwa, kila moja likiwa na watoto zaidi ya 10,000, yalichapishwa mwaka 2013 na 2014. Kila chanjo ilizuia visa tisa au zaidi kati ya kumi vya ugonjwa unaoletwa na A71. Ya kwanza ilipata kibali Desemba 2015. Taiwan, iliyozika watoto wake 1998, iliidhinisha chanjo iliyotengenezwa kwao mwaka 2023.

Nikakimbilia kitabu cha kliniki cha Ryan, ingawa nilijua jibu. Kifua kikuu, polio, nimonia, rota, surua. Huu haumo.

Ungefikiri ni kwa sababu A71 haijafika kwetu. Imefika. Mwaka 2004 jarida moja la kisayansi la mambo ya Ukimwi lilichapisha taarifa ya mlipuko wa A71 miongoni mwa watoto yatima wanaoishi na virusi vya Ukimwi, hapa hapa Nairobi. Na wanaochora koo hizo wanasema Afrika ina tawi lake, E, na Madagaska lake, F. Hayo matawi yana majani machache sana kwenye mchoro. Nilipouona mchoro wenyewe kwa simu, China ilikuwa kama msitu, na upande wetu kijiti. Mtu anaweza kusoma kijiti hicho na kusema kirusi ni kichache kwetu. Mimi niliona nyayo za Ryan, za Neema, na za watoto wote wa Pipeline ambao hakuna aliyewachukua sampuli.

Na si kwamba hatujui kufanya hivyo. Mwaka 2018 kirusi cha polio cha aina ya 2, kile kilichotokana na chanjo ya zamani ya matone kisha kikabadilika, kilipatikana kwenye majitaka ya Kamukunji. Hakuna mtoto wa Kenya aliyekuwa amepooza. Waliosoma herufi zake walikuta kina ukoo na kile kilichokuwa kikizunguka Banadir, Somalia, na kampeni ya chanjo ikafuata. Yaani maji ya choo cha Nairobi yalieleza kirusi kimetoka wapi kabla hakijamlemaza mtoto. Hata ng'ombe wa baba wana watu wao: chanjo ya ugonjwa wao inatengenezwa Embakasi, upande huu huu ninaoishi. Sina kinyongo na ng'ombe, wamenisomesha. Ila ng'ombe akiugua kuna soko linalofungwa na watu wengi wanaona hasara. Mtoto wa deikea akiugua, hasara inabaki chumbani na mama yake.

*

Wiki ya tano, nikimkata Ryan kucha, ukucha wa kidole gumba ulitoka wote mkononi mwangu. Haukuvuja damu. Siku iliyofuata ukatoka mwingine. Kufikia Ijumaa zilikuwa sita, na chini yake nyingine changa, laini kama karatasi, zikiwa zimeanza kuota. Mama mmoja kwenye ploti akaniambia nitafute maombi.

Nilimtumia rafiki yangu picha. Safari hii alijibu kwa maandishi: "Usijali, zitaota. Hiyo mara nyingi ni Coxsackie A6."

Coxsackie ni mji mdogo wa New York walikotoka wagonjwa wa kwanza wa virusi hivyo, miaka ya arobaini. A6 ni mmoja wa ndugu hao. Kwa muda mrefu hakikutajwa sana, hadi mwaka 2008 kilipozuka Finland kikiacha watoto bila kucha wiki kadhaa baada ya kupona. Na China, baada ya chanjo kuanza, A71 ilishuka na A6 ikachukua nafasi ya mbele. Chanjo ya A71 haizuii A6. Watoto wa kule bado wanapata vidonda, ila wale wa kufa wamepungua, na hilo si jambo dogo. Wanaotafuta chanjo siku hizi wanajaribu kuweka virusi kadhaa ndani ya sindano moja.

Nilikaa na zile kucha kwenye kifuniko cha chupa, nikamkumbuka baba: ugonjwa ni aina nyingine, chanjo haikuwa na hiyo aina. Kwa hivyo, hata kama ile sindano ya China ingekuwa kwenye kitabu cha kliniki, huenda Ryan angeugua vilevile. Huenda tu, maana ukucha si kipimo. Lakini ndio ushahidi pekee tuliopata, na tuliupata kwa sababu ulianguka.

Jumapili hiyo nilimkuta Mama Neema juu ya jengo akianika nguo. Neema alikuwa mgongoni, amenenepa tena.

"Mama Neema," nikasema, "ile Jumanne Ryan alikuwa na homa. Nilimpa dawa nikampeleka hivyo hivyo."

Aliendelea kubana shuka kwenye kamba. "Ulikuwa unajua?"

"Nilijua ni mgonjwa. Sikujua ni nini."

"Neema alilala hospitali siku tatu. Mtaji wangu wote wa unga ulienda."

"Najua."

Alimaliza shuka, akachukua nepi. Nilidhani atanitusi, na ningekubali. Kisha akasema, bila kunitazama, "Na kama ungeniambia Jumanne, ningefanya nini? Ningempeleka wapi?"

Sikuwa na jibu. Hakusema amenisamehe. Aliokota beseni lake akashuka, na kwa wiki mbili tulisalimiana tu kwenye ngazi.

Halafu siku moja yeye mwenyewe akaandika kwenye grupu. Mtoto akiamka na joto, mama yake aseme, asifiche. Siku hiyo abaki naye, na sisi wengine kila mmoja amtumie mia. Kulikuwa na maneno mengi. Wawili walijitoa. Mmoja aliuliza, na ana haki, mia mia zetu zitamrudishia nani kazi akifutwa? Hakuna aliyemjibu. Lakini Shosh alinunua mtungi wenye mfereji na sabuni ya kipande, akauweka mlangoni, na hapiti mtoto bila kunawa.

Kucha za Ryan zimerudi zote kumi. Mimi bado niko kwenye ratiba. Wiki iliyopita, saa kumi na moja na dakika kumi asubuhi, simu ililia. Mama mmoja mgeni ambaye hata sijamjua vizuri alikuwa ameandika: "Wangu ako na joto. Leo haji." Nilimgusa Ryan paji la uso. Alikuwa baridi. Nikatuma mia yangu, nikamvisha soksi taa ikiwa imewashwa.